Habari Iliyoachiwa Redio

Ijumaa ile Mapanga, timu ya besiboli ya Villa Magante, walifungwa tena, tena nyumbani, na watu wa mji wakamrushia kocha wao maganda ya machungwa mpaka akaingia chini kwenye vyumba vya wachezaji amejifunika kichwa kwa kofia. Kocha huyo alikuwa Nicasio Mota, na zamani, alipokuwa mchezaji, watu haohao walikuwa wakigombania kumbeba mabegani. Mzee Evaristo Peguero, ambaye mji mzima ulimwita Varo, aliyaona hayo akiwa juu kwenye kibanda cha wakubwa, tai shingoni na bilauri ya maji ya baridi mkononi. Alitamani kuteremka. Hakuteremka. Mkurugenzi wa timu hashuki uwanjani wakati wa mechi. Ndivyo alivyoambiwa siku aliyopandishwa cheo, na mpaka leo agizo hilo lilikuwa limemkwama kooni.

"Nicasio, kauze nazi!"

"Mrudishe mtoto, we mbuzi! Nani kakwambia umtoe?"

Watu walikuwa na haki ya kuuliza. Mrushaji kijana wa Mapanga alikuwa akiwala wapinzani mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeugusa mpira wake, na raundi ya saba Nicasio akatoka benchini, akapanda taratibu kwenye kilima cha mrushaji, akaupokea mpira, akampa mwingine ambaye mkono wake ulikuwa umechoka tangu Jumatano. Raundi mbili tu, mechi ikaenda na maji. Basi hapo ndipo machungwa yalipoanza kuruka.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba kijana yule hakuwa wa Magante. Mkataba wake ulishikwa na timu kubwa ya kaskazini, Marekani, na mchana wa siku ile walipiga simu kwamba mkono wa kijana ni mali yao, usichoshwe, akifikisha idadi ya mipira waliyoitaja atolewe hata kama anatengeneza historia. Aliyeipokea simu hiyo ni Varo. Aliyempelekea Nicasio agizo ni Varo vilevile, kwenye karatasi, kabla ya mechi. Nicasio aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye soksi.

"Sawa, kompadre," alisema. "Ila usimwambie mtu. Nikimtoa, nimemtoa mimi. Wachezaji wakijua wanaongozwa kwa simu, kesho hakuna atakayenisikiliza."

Hawa wawili hawakuitana kwa majina. Nicasio ndiye aliyemshika Noelia, binti pekee wa Varo, siku ya ubatizo wake, maji yakamwagikia suti ya kuazima, na tangu siku ile wakawa kompadre. Kwa watu wa Magante kompadre si rafiki tu. Rafiki unaweza kumtukana, mkanywa bia, yakaisha. Kompadre humtukani, humdanganyi, hugombani naye mbele za watu, na ukimkosea hata padri atakutazama kwa jicho baya. Ndiyo maana Varo alipomteua kompadre wake kuwa kocha wa Mapanga, mwaka juzi, Fello mwenye duka la kona aliacha dhumna mezani akamshika mkono.

"Varo, unampa kazi mtu usiyeweza kumfukuza," alimwambia. "Umerogwa?"

Varo alicheka. Wakati huo timu ilikuwa ikishinda, na kucheka kulikuwa rahisi.

*

Jumamosi asubuhi akaitwa ofisini kwa mwenye timu. Bwana Rolando Bermejo alikuwa kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, aliyerithi Mapanga kwa baba yake pamoja na kiwanda cha ramu na farasi wawili wasiokimbia. Baba mtu alikuwa akija uwanjani na ndala, anakaa benchini na wachezaji, anawagawia karanga. Mtoto alikuwa na kiyoyozi.

"Mzee wangu, kaa," alisema. "Umelala?"

"Nimejilaza tu."

"Mimi hata sikujilaza. Simu mpaka asubuhi. Wadhamini, mbunge, mama yangu mzazi. Mama yangu, Mzee! Hajui gongo linashikwa upande gani, ananiambia nimfukuze Nicasio."

Varo akavua kofia akaiweka gotini. "Kijana alitolewa kwa agizo la kaskazini. Karatasi nilimpelekea mimi. Nicasio hana kosa."

"Najua."

"Unajua?"

"Kwani hukuniletea nakala? Najua vizuri sana. Sasa unataka niende redioni nikaseme kwamba Wamarekani ndio wanaotuamulia nani arushe mpira hapa Magante? Mwakani hawatuletei kijana hata mmoja, na watu watanichomea kiwanda." Bermejo akafungua mikono. "Wiki mbili hatujashinda. Watu wanataka mtu aondoke, Mzee. Nicasio aondoke leo. Na wewe ndiye mkurugenzi, kwa hiyo wewe ndiye utakayemwambia. Ni kompadre wako, atakuelewa."

Sekretari akaingia na kahawa kwenye vikombe vya plastiki, akatoka. Kahawa yenyewe ilikuwa maji matupu.

"Na kesho timu itashikwa na nani?" Varo akauliza mwishowe, kwa kuwa mkurugenzi lazima aulize hivyo.

Bermejo akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akainuka, akafungua kabati, akatoa jezi. Mpya, nyeupe, yenye mapanga mawili mekundu kifuani, na mgongoni namba kumi na mbili, namba ya Varo ya zamani. Akaitandaza mezani juu ya karatasi zote.

"Wewe," alisema. "Watu watalia machozi. Mzee Varo amerudi! Nimeshawaza, tutafungua mageti saa tatu asubuhi."

Hebu tuseme ukweli kama ulivyokuwa. Moyo wa Varo uliruka. Uliruka kama wa kijana aliyeitwa jina lake kwenye dansi, na kwa kitambo kile, kifupi lakini cha kutosha, hakumkumbuka kompadre wake hata chembe. Mkono ulikwenda wenyewe ukaigusa ile nguo. Hakuna mchezo mwingine duniani ambao kocha, hata awe babu mwenye kitambi, huvaa jezi na soksi ndefu sawa na wachezaji, na Varo aliipenda kawaida hiyo kuliko mishahara yote waliyowahi kumlipa. Alianza kama mdakaji wa timu ya kiwanda cha sukari, akila vumbi nyuma ya wapigaji kwa malipo ya sahani ya wali. Magoti yakaisha, wakampa timu aiongoze. Akaiongoza ujana wake wote na nusu ya uzee. Alikuwa akisimama kwenye ngazi ya benchi, mguu mmoja juu, mmoja chini, akisikia njumu za vijana zikilia kwenye saruji, harufu ya majani yaliyokatwa na tumbaku ikipanda, mama mmoja jukwaani akimpigia kelele jinsi ya kupanga wapigaji, naye akijua kwamba mama yule wakati mwingine alikuwa sahihi. Walichukua ubingwa mara mbili. Mara ya pili mji ulilala mchana kwa siku tatu. Halafu mzee Bermejo akamwambia, "Varo, umechoka kusimama, njoo juu," akampa ofisi, feni na tai. Wakadhani wamempa zawadi. Kila mwaka Oktoba ikifika, vijana wakianza kukimbia uwanjani, Varo alikuwa akifunga dirisha la ofisi asiwasikie.

Sasa jezi hii hapa. Aliuondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kumfukuza kompadre wangu. Tafuta mkurugenzi mwingine."

Bermejo alidhani ni utani. Alipoona si utani, akakaa. "Mzee, fikiri. Una mke. Umri huo nani atakuajiri? Sitakubembeleza, maana mimi si baba yangu."

"Hilo naliona," Varo akasema. Akavua tai, akaiacha juu ya jezi, akachukua kofia yake akatoka.

*

Alitembea kwenda nyumbani kifua mbele. Alijiona mtu. Amekataa cheo, amekataa jezi, amekataa mshahara, yote kwa ajili ya kompadre. Ni wangapi wangefanya hivyo Magante? Njia ya kwa Nicasio ilikuwa upande wa kushoto baada ya kanisa. Varo alipofika pale alisimama kidogo, akatazama jua, akasema moyoni kwamba ni saa ya chakula, si vizuri kuingia nyumba za watu wakiwa mezani. Akapita.

Mkewe Ercilia alikuwa akimenya ndizi jikoni, redio ndogo ikiimba juu ya friji. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuweka kisu chini.

"Kwa hiyo huna kazi," alisema.

"Sina."

"Na paa la chumba cha nyuma?"

"Litasubiri."

"Limesubiri tangu kimbunga. Haya, lisubiri." Akatia ndizi kwenye mafuta, zikalia. Hakukasirika, Varo alishangaa jinsi asivyokasirika. "Umefanya vizuri. Kompadre amesemaje?"

"Bado hajui."

"Hajui?" Hapo kisu kikawekwa chini. "Umepita mlangoni kwake hukuingia?"

"Ni saa ya kula, Ercilia. Nitakwenda jioni jua likipoa. Haraka ya nini? Sikumfukuza. Hakuna habari ya kumpelekea."

Ercilia akamtazama kwa namna ambayo Varo hakuipenda. Kabla hajasema neno, muziki ukakatwa redioni, na sauti ya Cuquito, mtangazaji wa michezo ambaye husema kila kitu kama anayetangaza mwisho wa dunia, ikajaa jikoni.

"Habari imeingia sasa hivi, mashabiki, kaeni vizuri! Nicasio Mota si kocha tena wa Mapanga! Nicasio nje! Na mkurugenzi, mzee wetu Varo Peguero, amejiuzulu asubuhi hii akigoma kumfukuza kompadre wake! Hao ndio wanaume waliobaki, mashabiki! Timu kesho itashikwa na..."

Ercilia akaizima. Ndizi zilikuwa zinaungua, akazitoa moja moja akazipanga kwenye sahani, na muda wote huo hakumtazama mumewe.

"Yule mrushaji wa Sabana, mwenye mkono uliovunjika," alisema. "Ulikwenda kwao usiku na mvua. Nikakuambia tuma mtu. Ukasema nini?"

"Ercilia..."

"Ukasema nini?"

"Kwamba mtu haachishwi kazi na barua."

Naam, hivyo ndivyo alivyokuwa. Miaka yote aliyoongoza timu, na hata alipopanda ofisini, Varo hakuwahi kumwacha mchezaji kwa barua, kwa simu wala kwa kumtuma mtu. Makocha wengine hubandika majina ukutani, mtu anaingia asubuhi na glovu yake, anakuta jezi haipo kwenye ndoano, anaelewa. Varo alikwenda. Alipanda basi, alikodi punda, alivuka mashamba ya miwa kwa miguu. Akifika anakaa, popote alipo mtu, kitandani, jikoni, chini ya mti. Anaanza na kitu kizuri kuliko vyote alivyomwona mtu yule akifanya uwanjani, anakieleza chote. Kisha anasema lile neno, wazi, bila kulizungusha. Kisha sababu, ya kweli, hata kama inauma. Na hainuki mpaka mwenyewe aseme kitu, hata kama ni tusi. Ametukanwa sana. Nyota mmoja alimpiga kiatu cha njumu, kovu liko hapa juu ya jicho. Lakini mama mmoja wa Sabana, baada ya kusikia mwanawe hatacheza tena, alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na kuku mzima, akampa, akasema asante kwa kuja mwenyewe. Varo alirudi Magante kwenye basi akiwa na kuku mapajani na machozi yakimtoka.

"Watoto wa watu uliwaendea," Ercilia akasema. "Chakula changu kimepoa miaka mingapi kwa ajili yao? Sikulalamika. Leo ni kompadre, mtu aliyemshika mwanangu kanisani, na yeye ndiye uliyemwachia redio."

"Mimi nimeacha kazi kwa ajili yake!"

"Usinipigie kelele. Kwa nini hukuingia kwake?"

Varo akakaa. Akaishika kofia, akaizungusha mkononi. Hatimaye akamwambia habari ya jezi, maana mpaka hapo alikuwa ameiruka.

"Uliitaka?" Ercilia akauliza.

"Niliigusa tu."

"Sikukuuliza kama uliigusa. Nimekaa na wewe tangu una nywele, Varo. Kila Oktoba unafunga dirisha, unadhani sijui? Uliitaka?"

Varo akainamia kofia. Ercilia akafunika sahani ya ndizi kwa sahani nyingine.

"Basi inuka uende," alisema. "Chakula kitapoa, nimezoea."

*

Jua lilikuwa utosini. Kwenye duka la kona Fello na wenzake walikuwa wanapiga dhumna chini ya turubai, na walipomwona Varo wote wakainuka, kitu ambacho hawakukifanya hata alipoleta ubingwa.

"Huyo! Huyo hapo mwanaume!"

"Bermejo amekoma leo!"

"Fello, mpe Mzee bia, ya baridi, kwa hela yangu! Eti tai amemwachia mezani? Amemwachia kweli, Mzee?"

"Acheni," Varo akasema. "Acheni, tafadhali."

"Tazama, na haya anaona! Mtu kama huyu watamtengenezea sanamu!"

Fello alikuwa ameshaifungua bia. Akamfuata nayo hatua chache, akamtazama usoni, akapunguza sauti. "Umeshamwona Nicasio?"

"Ndiyo nakwenda."

"Ahaa," Fello akasema, akarudi na bia yake mezani. Huko nyuma wengine waliendelea kumsifu, na kila sifa ilimchoma. Angependa wamrushie machungwa.

Eneida, mke wa Nicasio, alikuwa amesimama getini amekunja mikono. Siku zote Varo alikuwa akimwita komadre, kama mke wa kompadre anavyoitwa, kwa kelele tangu njiani, na yeye akimjibu kwa matusi ya kirafiki, kwamba mwizi amekuja, ficheni kuku. Leo hakuwa na utani wowote.

"Karibu, Don Evaristo," alisema.

Don Evaristo. Kama bwana mkubwa wa mbali, si kompadre. Akavua kofia. "Komadre, yupo?"

"Yupo uani. Aende wapi?" Akasogea kidogo tu, kiasi cha kumpitisha ubavu. Sebuleni Varo aliona meza imetandikwa kitambaa, na juu yake vikombe vyembamba vya maua ya buluu, vile vya harusi yao, ambavyo havitoki kabatini ila kwa askofu au msiba. Viliwekwa vinne. Havikuwa vimeguswa.

Nicasio alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kando ya pipa la maji. Alipogeuka, Varo alishtuka. Shavu moja lilikuwa limenyolewa safi, linang'aa. Shavu la pili lilikuwa na ndevu zote, na mabaki ya sabuni yaliyokauka.

"Kompadre," Varo akasema.

"Umekuja."

"Nimekuja."

"Kiti hicho kina mguu mbovu, angalia." Nicasio akangoja mpaka akakaa. "Nilijua, kompadre. Machungwa yalipoanza kuruka tu nikajua. Nikarudi nyumbani nikamwambia Eneida, kesho kompadre atakuja kunifukuza, toa vile vikombe vizuri. Akalia, halafu akavitoa. Tumekusubiri tangu asubuhi. Saa tano nikaona una kazi nyingi, nikasema ngoja nikanyoe, kompadre asinikute na ndevu kama mfungwa."

"Kompadre..."

"Ngoja. Niko kwenye kiti cha kinyozi, sabuni usoni, Cuquito akaanza kupiga kelele. Kinyozi akashusha wembe. Watu wote kimya. Kuna mtu alikuwa anacheka kabla, sijui anacheka nini, akakatisha. Nikainuka. Nikatoa hela. Unajua alisema nini? 'Acha tu, Don Nicasio.' Kinyozi yule! Mtu ambaye siku ya maziko ya baba yangu alinidai na bakshishi. Leo kanionea huruma."

Akachukua kata akanywa maji, mengi yakamwagikia shati.

"Sikukubali kukufukuza," Varo akasema. "Nilimwambia Bermejo atafute mtu mwingine. Nimeacha kazi, kompadre. Nimeiacha mezani palepale."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia. Wewe umekuwa mtakatifu, hongera. Na mimi? Mimi nimefukuzwa na nani? Na Cuquito?" Nicasio akageuza shavu lake lenye ndevu. "Kama uliikataa kwa ajili yangu, ungetoka pale ukaja hapa moja kwa moja. Ni mtaa mmoja tu. Ulikwenda kula."

Kuku wa Eneida walipita kati yao, wakadonoa karibu na viatu vya Varo. Akafikiri kuondoka, akafikiri kusema kwamba jua lilikuwa kali, kwamba magoti yanauma. Akaona hakuna hata moja linalosemeka mbele ya shavu lile.

"Hata sikula," alisema. "Kompadre, nilipita hapo kanisani nikaogopa kuingia. Bermejo alinipa jezi. Alisema nikufukuze, kisha niivae mimi. Nami nilifurahi. Nisikudanganye. Moyo ulinirukia mpaka nikausikia kooni, na wewe sikukukumbuka. Ndipo nikaona haya, nikaacha kazi. Sikuacha kwa ajili yako. Niliacha ili nisijione nilivyokuwa nikifurahi."

Nicasio akakwangua sabuni iliyokauka shavuni.

"Namba ngapi?" aliuliza.

"Kumi na mbili."

"Waliishona ile ile?"

"Ile ile."

"Mpya?"

"Mpya kabisa. Nyeupe."

"Shetani mkubwa wewe," Nicasio akasema, na mdomo ukamcheza upande wa shavu lililonyolewa. "Mimi ningeivaa palepale ofisini, juu ya tai."

Varo alitaka kucheka, kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta kwa kofia. Nicasio akausogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Sasa kaa vizuri," alisema. "Nifukuze."

"Sina mamlaka tena, kompadre. Mimi si mkurugenzi wa mtu."

"Nani kakuuliza mamlaka? Umekaa vitandani mwa watoto wa watu ukawaambia. Yule punguani aliyekutia kovu ulimwendea mpaka kwao. Mimi nina upungufu gani? Unajua kesho nikipita njiani wataniuliza nini? 'Nani alikwambia?' Kila mtu wa besiboli huulizwa hivyo. Kaa, uniambie kama unavyowaambia wengine. Yote."

Varo akakaa vizuri. Akaweka kofia chini.

"Nicasio Mota," alianza. "Fainali ya kwanza, dhidi ya wale wa Santiago, raundi ya mwisho. Mpira ulitoka kwenye gongo kama umetukanwa. Nikafumba macho, nikasema tumekwisha. Nilipoyafumbua wewe ulikuwa umelala hewani, hewani kabisa, mkono ule wa kushoto umeunyoosha mpaka nikadhani si wako. Ukaanguka na mpira mkononi, ukarusha umepiga magoti. Nimeona besiboli maisha yangu yote, sijaona kitu kama kile. Mpaka leo nikikosa usingizi nakitazama tena."

Nicasio aliinamisha kichwa. Eneida alikuwa amesogea mlangoni, ameshika pazia.

"Kuanzia leo wewe si kocha wa Mapanga. Wamekuachisha." Varo akavuta pumzi. "Sababu si kazi yako. Kazi yako ulifanya. Sababu ni karatasi niliyokuletea mimi, ukaitia kwenye soksi ukanibebea. Machungwa yale yalikuwa yangu. Nilikaa juu na maji ya baridi nikakutazama ukipigwa, sikuteremka, na asubuhi nikachelewa kuja. Basi. Sina jingine."

Hakuinuka. Ni desturi yake kutoinuka mpaka mwenyewe aseme, na safari hii alingoja kuliko alivyowahi kungoja popote, kwenye vitanda vyote na jikoni zote za nchi ile. Machozi yalikuwa yakimtiririka Nicasio, upande mmoja yakiteleza moja kwa moja mpaka kidevuni, upande mwingine yakipotelea kwenye ndevu. Hakuyafuta. Alipomaliza alijipiga mapaja, akanyoosha mgongo, akageukia mlangoni, na sauti yake ikatoka nzima, ile sauti ya kuitia wachezaji.

"Eneida! Leta kahawa, mke wangu, tena ile nzuri. Kompadre amekuja kunifukuza kazi."